Nilimwambia Salha Arudi

Munir anakaa ghorofa ya juu yetu hapa Thamesmead, ughaibuni. Ni Mzanzibari, kijana mpole, kazi yake kupanga mizigo ghalani. Dada yake Salha alisomea uuguzi Misri, akaolewa na Mpalestina, akamfuata kwao Gaza. Kila jioni kabla ya zamu Munir alishuka kwetu, maana mwanangu Winifrida yuko kazini kutunza wazee wa watu, na mimi magoti hayawezi ngazi. Lifti imekufa tangu Krismasi. Basi ananiwekea simu mezani, tunaongea na Salha.

"Nyumba nzima hapa naongea Kiarabu," Salha aliniambia, "lakini kuchoka nachoka kwa Kiswahili."

Januari ile, waliposimamisha vita, yeye na mumewe Raed, watoto wawili na mama mkwe walikuwa kwenye hema huko kusini, wameikimbia nyumba yao ya kaskazini. Watu wakaanza kurudi kaskazini kwa miguu. Raed hakujua la kufanya. Salha akaniuliza mimi.

"Bibi, wewe ulikimbia vita. Turudi au tungoje?"

Ni kweli nilikimbia. Mwaka wa sabini na nane, askari wa Amini walipoingia Kagera, tuliacha kibanja chetu, nyumba na migomba yake, tukavuka mto kwenda kusini. Vita vilipokwisha nilirudi na watu wa kwanza. Kwetu, kibanja kikikaa bila moshi jikoni, watu huona kimekufa, na mali ya maiti haikosi wa kuigombea. Jirani yetu alichelewa miezi mitatu tu, akakuta mpaka umesogezwa hadi karibu na mlango wake. Kwa hiyo sikufikiri hata kidogo.

"Rudi, mwanangu. Hata kama zimebaki kuta mbili, washa moto. Watu waone moshi."

Salha akacheka. "Raed anasema ati wanawake wa Afrika mnapenda kuamrisha."

"Mwambie ndiyo, nimeamrisha. Akinuna, aje Thamesmead tupigane."

Wakarudi. Siku ya tatu akatuma video. Kilikuwa kimebaki chumba kimoja, turubai ndiyo ukuta, na jiko la kopo linafuka moshi. Munir alilia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mtu wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Nilidhani vita vikisimama vimekwisha. Vyetu viliisha kwa sababu mmoja alishindwa akakimbia. Hivi vilikuwa vingine. Munir alinieleza kwamba makubaliano yalikuwa ya hatua. Ya kwanza wiki sita: mateka wanatoka huku, wafungwa wanatoka kule, malori ya chakula yanaingia. Ya pili, ya majeshi kuondoka na vita kufa kabisa, wataizungumza njiani.

"Yaani wamefunga ndoa, mahari watajadili baadaye?"

"Ndivyo hivyo, Bibi."

Wiki sita zikapita, mahari bado. Huyu mwenye wafungwa anasema turefushe hatua ya kwanza, mtoe mateka waliobaki. Yule mwenye mateka anasema tuingie ya pili kama tulivyoandikiana. Kila mmoja anataja makosa ya mwenzake. Ramadhani imeanza tu, malori yakazuiwa. Salha akasema unga umepanda bei, halafu akasema unga haupo. Na bado watu waliita ile ni amani. Kila jioni nilitaka kumwambia arudi kusini, na kila jioni nikajiambia: ngoja kwanza, mtu mzima hageuzi neno lake kama chapati. Nikangoja.

Asubuhi moja ya Machi Munir alishuka hajavua nguo za kazi.

"Wamepiga mabomu, Bibi. Wakati wa daku. Watu mamia. Salha hapatikani."

Siku mbili hakupatikana. Nilikaa dirishani na shali yangu. Chini niliona watu wanakwenda kituo cha basi, na mimi hata kushuka nikatembeze hofu yangu nisingeweza. Winifrida akaniletea uji. "Mama, kunywa." Nikamwambia nitakunywa.

Siku ya tatu Salha akapiga simu. Wazima, ila mama mkwe ameangukiwa na ukuta, nyonga imevunjika. Na ndege zimeangusha karatasi: ondokeni mtaa huu.

"Bibi, hebu sema tena. Tuondoke?"

Munir alinitazama. Nikaona anauogopa mdomo wangu.

"Salha, nilikosea. Nilikupa shauri la vita vyangu mimi. Ondokeni."

Nikasikia mtoto anakohoa.

"Tuende wapi? Pale penye hema letu napo wamepiga."

"Basi kaeni."

"Raed anasema tukikaa tunakufa."

Nikaisogeza simu karibu. Akaniambia, "Usijilaumu. Kila mtu alirudi. Mimi nilikuuliza ili Raed ajue nina mtu mzima upande wangu."

"Usinibembeleze, mtoto wewe."

"Sikubembelezi. Punda hapatikani, na Raed kang'oa mlango ili tumbebe mama. Mtu anabebwaje juu ya mlango? Sema upesi, chaji inakwisha."

Hilo nilikuwa nalijua. Tulivuka na baba mkwe wangu juu ya machela. Nikamwambia: wabebaji wanne, warefu wakae pamoja. Miguu ya mgonjwa itangulie. Kwenye mteremko wageuke, kichwa kitangulie, uzito usiiangukie nyonga. Atandikiwe blanketi chini ya mgongo, na shuka nyingine impite juu ya mapaja, ifungwe chini ya mlango, asiteleze—

Simu ikakatika. Munir akapiga tena, akapiga tena. Sijui kama ile ya kumfunga aliisikia.