Pembe ya Ayalew

Ndui ilipofika ng'ambo ya mto, watu wa kijiji cha Gedamit hawakukimbilia kwanza kwa kasisi. Walikwenda nyumbani kwa Mantegbosh, na kila mmoja alibeba asali.

Mantegbosh hakuwa mganga. Alikuwa binti wa mganga, marehemu Ayalew, aliyewachanja watu wa milima ile kabla serikali haijajua kwamba milima ile ina watu. Kazi ya Ayalew ilitisha, na ndiyo maana iliheshimiwa. Alikusanya vigaga vya mgonjwa aliyeugua kidogo akapona, akavisaga, akavichanganya na asali na kuviweka ndani ya pembe ya ng'ombe. Ndui ikivuma karibu, aliwakata watoto kidogo mkononi na kuwapaka ile asali. Mtoto aliugua ndui ndogo, akapona, na kubwa haikumgusa tena maishani. Wengi walipona. Wachache hawakupona, na hao hawakutajwa kwa sauti.

Tena palikuwa na desturi ambayo hakuna mchanjaji aliyeivunja: huanza na mtoto wa nyumbani kwake, watu wote wakiona. Zamani hizo Ayalew alianza na binti zake wawili. Mantegbosh alitokwa na vipele vichache, akapona. Mdogo wake Tiruye alivimba uso mpaka macho yakafumba. Alikatazwa kujikuna, basi akawa anakwaruza ukuta wa udongo karibu na meko, mchana kutwa, krr, krr, hadi alipokufa.

Baba alizika, akaendelea na kazi. Mantegbosh aliolewa, mume akachukuliwa jeshini, baba naye akafa, na nyumba ikabaki mikononi mwake pamoja na ukuta wake. Kila akikaa kupika mikate ya injera aliusikia. Aliukandika udongo mpya, na kesho yake, krr, krr. Mama mkwe alisema ni panya, akaleta paka. Paka yule hakutaka kulala upande ule wa nyumba.

Sasa wageni walikuwa wamejaa mlangoni. Mbele yao alisimama Adugna, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi.

"Binti wa Ayalew, pembe ipo?"

"Baba ameshazikwa, Baba Adugna. Na kazi yake imezikwa."

"Kazi ilizikwa, pembe haikuzikwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliombeba, sikuiona."

Watu walicheka, kicheko kikavu cha woga.

"Serikali ina wachanjaji wake," alisema Mantegbosh. "Wanakuja."

"Wanakuja tangu mfalme yuko kitini! Mfalme kaondoka, wao bado wako njiani. Huyo nyumbu wanayempanda anatembea kinyumenyume?"

Yeshi, rafiki yake tangu utotoni, alimshika mkono. Kando yake alisimama bintiye Wude, msichana asiyejua kutulia. "Mante, heri nusu shari kuliko shari kamili. Wude ndiye huyu huyu. Sina mwingine."

"Na utaanza na wa kwako," alisema Adugna. "Desturi ni desturi."

Wa kwake alikuwa amelala mgongoni mwake. Alizaliwa baada ya kaka yake kufa kwa homa, basi bibi yake akamwita Masresha, mwenye kusahaulisha, kama wanavyoitwa watoto wanaozaliwa juu ya kaburi la mwenzao. Mantegbosh alisikiliza ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, ulikuwa kimya kabisa, kama mtu aliyeacha kazi ili asikie jibu.

"Njooni kesho," alisema.

Walipoondoka tu, aliitoa pembe kwenye paa la nyasi na kumwaga motoni yote yaliyokuwa ndani yake. Moshi wake ulinuka hata akatapika. Aliiosha pembe kwa maji ya moto na majivu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akaijaza asali safi waliyoleta wenyewe na shayiri iliyoungua iliyosagwa. Aliwaza hivi: wachanjaji wa serikali watafika, na hadi wafike, hakuna mtoto atakayekufa kwa mkono wangu. Alifurahi. Tusimnyime hilo, siku ile alifurahi kweli.

Kesho yake alianza na Masresha. Adugna aliinama karibu kuona damu, akaiona, akaridhika. Watoto wakapita mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakijikaza. Wude alinyoosha mkono bila kukunja uso.

"Mama Mdogo, hiyo asali iliyobaki kwenye kijiti naweza kulamba?"

"Usilambe. Dawa hiyo."

"Basi kidogo tu."

"Mtoto huyu! Nenda kwa mama yako."

Mikwaruzo ikavimba kidogo kama mkwaruzo wowote, na kijiji kikapumua. Watu walirudi kuchota maji kwenye kivuko, na wauza nafaka wakarudi kwenye soko la ng'ambo. Waliposikia fulani kafa huko, walijigusa mkono na kumshukuru Mungu na Ayalew. Mantegbosh aliwaona wakivuka mto, na mara nyingi alifungua kinywa. Alikifunga. Alijiambia wachanjaji wanakuja, wanakuja, kama Adugna alivyokuwa akiwadhihaki.

Wakaja, baada ya wiki mbili hivi, kijana mmoja aitwaye Kifle na nyumbu wake. Kina mama wakamwonyesha mikono ya watoto.

"Umechelewa, mwanangu," alisema Adugna. "Kunywa bia ya shayiri, upumzike, urudi kwenu."

Kifle aliitazama mikono ile, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukabadilika. "Kama pembe ilikuwa ya kweli, mbona hakuna hata mmoja aliyeugua?"

"Pembe ya Ayalew ina nguvu."

"Haikuwa ya Ayalew," alisema Mantegbosh. Sauti yake ilitoka ndogo, akaikaza. "Niliwapaka asali na shayiri. Hawana kinga yoyote."

Pakalipuka. Adugna alimwita mwongo, mwizi wa asali, mke wa shetani. Bibi mmoja alitema mate miguuni pake. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema, "lakini wewe umetuchoma sisi!" Mantegbosh hakujitetea. Alimkabidhi Masresha kwa Kifle, na sindano yake yenye ncha mbili ikamdonoa mtoto begani mpaka damu ikachungulia. Baada ya hapo hasira iliendelea, lakini ikiwa kwenye foleni.

Aliwatazama waliopanga foleni, akarudia kuwatazama.

"Yeshi yuko wapi?"

"Kavuka mto," mtu alijibu. "Dada yake anabatiza mtoto. Ana wiki na zaidi huko. Kwa nini asiende? Mtoto si amechanjwa?"

Yeshi alirudi siku ya tatu, Wude mgongoni, moto kama jiwe la meko. Kifle alimchanja mtoto, ila hakumficha mama mtu kwamba chanjo imechelewa. Akaagiza mgonjwa atengwe katika nyumba ambayo wote ndani yake wana kinga. Mantegbosh alimpeleka Masresha kwa bibi yake, akawapokea mama na mtoto.

Yeshi alikuwa ameshaambiwa habari ya asali. Hakupiga kelele. Vipele vilipojaa usoni mwa mtoto ndipo aliposema, bila kugeuka:

"Ungeniambia pembe huna, ningemfungia ndani. Ningekaa mlangoni na rungu. Mto ule nilivuka kwa sababu yako."

"Najua, Yeshi."

"Hujui. Wako anacheza kwa bibi yake."

Mantegbosh aliloweka kitambaa, akamfuta mtoto midomo. Alikuwa amefanya yote ili asiwe baba yake, na bado amekaa pale pale alipokaa baba yake, mbele ya mtoto asiyeweza kufumbua macho. Alitamani ardhi immeze. Ukutani sauti ilianza tena, krr, krr.

"Nani anakwaruza?" aliuliza Wude.

Mantegbosh aliganda na kitambaa mkononi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia sauti ile, si mumewe, si mama mkwe, si Masresha.

"Panya," alisema.

"Si panya. Anasema nimsogelee."

"Usimsogelee. Kaa hapa na sisi."

Mtoto alihema kwa taabu. Kisha mkono wake ukapapasa mpaka ukaupata mkono wa Mantegbosh.

"Mama Mdogo, wewe si ulinichanja?"

Yeshi aliinua kichwa. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya mtoto.

"Nilikuchanja, mwanangu."

"Basi itapita?"

"Itapita."

Wude alishusha pumzi, mabega yakalegea. Yeshi aliuma ncha ya shuka mpaka kilio chake kikaishia ndani, na alipoweza kusema, alisema taratibu, kama anayeomba maji.

"Mwambie tena, Mante. Mwambie vizuri, kama ulivyotuambia sisi."

Mantegbosh akainama sikioni mwa mtoto akamwambia tena, na tena, na hata mtoto alipoacha kuuliza, Yeshi hakumruhusu anyamaze.