Joto la Chumba cha Toktosun

Bili ya umeme ya Desemba ilimshtua Burulcha, akafanya kama wajane wengi wa Naryn, mji wa milimani wenye baridi kali, wanavyofanya: akafunga vyumba vitatu, kile cha marehemu mumewe kikiwemo, akaziba nyufa za milango kwa matambara, akabaki na hita moja chumbani mwake.

Asubuhi moja wifi yake Anarkan, jirani wa nyumba ya pili, alimkuta uani akisafisha zulia kwa kulisugua theluji.

"Wee wifi, unatuambia unabana matumizi, kumbe unampashia marehemu chumba?"

"Unasema nini?"

"Si hayo madirisha! Yote yameganda barafu, la chumba cha kaka yangu tu ndilo kavu."

Burulcha aling'oa matambara, akafungua mlango. Joto likampiga usoni. Mle hamkuwa na hita. Alipogusa godoro, upande aliokuwa akilala mumewe Toktosun ulikuwa na uvuguvugu, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Anarkan, aliyekuwa nyuma yake, alirudi kinyumenyume hadi uani. "Funga, wifi. Funga!"

Akafunga. Lakini Anarkan alipoondoka tu, Burulcha alizima hita yake akahamia mle. Hakuona mtu wala hakusikia sauti. Alilala usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu mazishi, na mita ya umeme ikawa inatambaa kama mgonjwa.

Wiki ya tatu walikutana kwenye foleni ya mkate. Kila kinywa kilikuwa kikifuka mvuke. Anarkan akamkazia macho.

"Burulcha, hebu pumua."

"Vituko gani tena hivi?"

"Pumua, nakwambia!"

Akapumua kwa nguvu. Hakikutoka kitu. Anarkan akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama komeo la geti.

Hapo akajua wifi yake analala wapi. Alimburuta hadi kwake, akamketisha mbele ya hita, akamnywesha mchuzi wa kondoo kikombe baada ya kikombe. Kila saa alimwekea kioo mdomoni. Siku ya tatu kioo kikaingia ukungu, Anarkan akalia kwa sauti.

Tangu hapo wanakaa pamoja, hita moja watu wawili, bili wanachangia. Anarkan humtania kwamba anakoroma kama ngamia, naye hucheka.

Mara moja tu Burulcha aliligusia jambo lile, akitazama ukutani.

"Mle ndani sikuwa na huzuni hata chembe, wifi."

 Anarkan aliisogeza hita karibu na miguu ya Burulcha.