Nyuma Pana Mtu

Alianguka Jumanne asubuhi, saa za watu kwenda kazini, mbele ya duka la mikate. Hakugongwa na gari, hakukwepa mbwa, hakuteleza. Baiskeli ilikuwa imesimama, na yeye alikuwa kando yake akijaribu kupanda. Aliinua goti la kulia alipitishe mbele, juu ya bomba, goti likagoma katikati ya safari, na mtu mzima wa miaka sabini na mbili akaenda chini polepole pamoja na baiskeli na mikate miwili, huku kengele ikilia yenyewe kana kwamba inaita mashahidi.

Mashahidi hawakukawia. Mwenye duka alimpangusa vumbi, mama mmoja akaokota mikate, na wawili watatu wakageuka pembeni kucheka kwa heshima. Yeye alisema hajambo, hajambo kabisa, akainama kuukagua mnyororo ambao haukuwa na kosa lolote. Kisha akaikokota baiskeli hadi nyumbani.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imemfikia binti yake kazini, imekwisha kutiwa chumvi njiani: baba kaanguka, kapasuka kichwa, hajitambui. Binti huyu, mtoto wake wa pekee, alikuwa muuguzi, na tangu mama yake afariki miaka miwili nyuma alikuwa amerudi kukaa na baba yake. Alikuja mbio na sare yake ya kazi, akakuta baba amekaa jikoni anakula mkate. Alimkagua kichwa, akamkagua kiwiko, akakiosha kiwiko bila huruma. Halafu akaanza kusema kwa ile sauti anayowawekea wagonjwa wabishi. Akamkumbusha kwamba daktari alishamwambia nyonga yake imekauka, haitakunjika tena kama zamani, na kwamba safari ijayo ataanguka mbele ya lori.

"Jumapili utapanda na kushuka mara tatu, mimi nikikuangalia," alisema. "Ukishindwa hata moja, baba, baiskeli inaondoka."

"Inakwenda wapi?"

"Kwa mtu ambaye miguu yake inamsikia."

Mzee alitafuna mkate wake. Alimjua binti yake. Alikuwa haambiliki, na ubishi huo hakuutoa mbali.

Mtaani walimwita Mpigachapa, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika kiwanda cha kupigia chapa, akipanga herufi za madini ya risasi mojamoja na kuzisoma kinyumenyume. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba hata baiskeli anaipanda kinyumenyume. Wanaume wengine wote walikuwa wakiipanda kwa nyuma: unasukuma kidogo, unakanyaga pedali, unarusha mguu juu ya keria, umekwenda. Yeye aliinua goti mbele ya tandiko, kama mtu anayevuka dirisha. Alifanya hivyo miaka arobaini na mmoja, na sababu yake ilikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, ile ile anayofanyia kazi binti sasa. Kila asubuhi mume alimpakia kwenye keria. Wake za watu walikuwa wakidandia baiskeli ikiwa inakwenda. Yeye alikataa katakata. Alisema yeye si gunia wala si mwizi anayetoroka. Yeye ni mtu anayekwenda kazini, na atakaa kwanza, atulie, ndipo safari ianze. Basi Mpigachapa aliisogeza baiskeli kwenye kizingiti cha mlango, akaishika imara, na bibie, aliyekuwa mfupi, akapanda kutoka kizingitini, akakaa upande, mkoba mapajani.

Siku ya kwanza kabisa, wiki ya pili ya ndoa yao, kijana yule alimkalisha mkewe vizuri, kisha kwa mazoea yake akarusha mguu nyuma. Teke lilimpata bibie begani, akaenda chini na mkoba wake. Aliinuka, akajifunga kitambaa chake upya, akaenda kazini kwa miguu. Jioni alipika, akapakua, akala, na walipokuwa wanamaliza ndipo alipofungua kinywa. Alisema kesho atakaa tena, na kwamba akipigwa teke jingine, atakayekaa nyuma maisha yote ni mume. Tangu kesho yake mguu wa Mpigachapa haukupita nyuma tena. Kupanda, mbele. Kushuka, mbele, yeye kwanza, aishike baiskeli kama dereva wa waziri mpaka bibie ateremke.

Jumatano alimwendea fundi baiskeli. Hawa wawili walikuwa wametaniana tangu wote wakiwa na nywele. Chumba cha fundi kilikuwa chembamba, kinanuka mpira na gundi, magurudumu yamening'inia darini, na mtu akiingia lazima ainamishe kichwa. Fundi alikuwa amekwisha kusikia, akamuuliza kama ile mikate ilipona. Walipomaliza kuchekana, alimtolea baiskeli mpaka uani akamwonyesha njia ya wazee. Unailaza kidogo upande wako, alieleza, tandiko likakushukia, halafu mguu unaupitisha nyuma, chini chini, bila papara. Nyonga isiyokubali kukunjika mbele bado inaweza kwenda nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa anapanda hivyo mwaka wa nne sasa, na nyonga zake alisema ni za makumbusho.

Mpigachapa alijaribu. Aliilaza baiskeli, mguu ukainuka, ukaenda nyuma vizuri bila maumivu, ukafika ukingoni mwa keria. Hapo ukasimama, ukarudi chini. Alijaribu tena, ukarudi. Alijaribu mara saba, mara nane, jasho likimtoka, na kila mara mguu uliishia mahali pale pale. Fundi alichuchumaa akatazama kama anayetafuta tundu kwenye mpira.

"Mguu unafika, bwana," alisema mwishowe. "Unaurudisha wewe mwenyewe. Unaogopa nini?"

Mpigachapa alifuta paji la uso. Juu ya keria kilikuwa kimefungwa kimto, alichokishona bibie kwa vipande vya mashuka chakavu ya hospitali. Kilikuwa kimepauka na kubonyea katikati.

"Nyuma pana mtu," alisema.

Fundi, ambaye hakukosa mzaha hata kwenye misiba, safari hii aliukosa. Alisugua mikono kwa kitambaa cha mafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachukua spana, akauliza kwa upole kama aifungue keria, si moja kwa moja, mpaka Jumapili tu ipite. Mpigachapa aliiondoa baiskeli mikononi mwake, akatoka nayo bila kuaga.

Siku tatu zilizofuata hakugusa pedali. Jumamosi alitoa baiskeli uani, akaipangusa spoki mojamoja, kisha akashika kamba ya kile kimto kuifungua. Fundo lilikuwa la mkono wa bibie, la kitanzi kimoja, jepesi. Alilishika, akaliacha.

Alimkumbuka sana, na kumkumbuka kulimuuma, lakini kulimuuma mahali pote isipokuwa pale. Mezani aliona kiti kitupu. Kitandani aliona nafasi. Barabarani hali ilikuwa tofauti, kwa sababu miaka yote ile, barabarani, hakuwahi kumwona. Bibie alikuwa sauti nyuma ya mgongo wake: punguza mwendo, yule si mjomba wako, umesahau kufunga mlango, hebu nikuambie walichosema jana chumba cha pasi. Kwa hiyo alipokwenda kununua mikate, macho mbele, upepo masikioni, hakuna kilichokuwa kimebadilika. Alimwambia mambo ya nyumbani kupitia begani kwake, na hakugeuka, kama ambavyo hakuwahi kugeuka. Hiyo ndiyo baiskeli ambayo binti alitaka kuitoa, na mzee hakujua jinsi ya kumweleza mtu mwenye akili timamu.

Jumapili asubuhi binti alitoka akasimama kizingitini, mikono kifuani. Alikuwa ameleta kikapu kidogo chenye bandeji, akakificha nyuma ya mlango, na baba yake alikiona.

Mpigachapa aliileta baiskeli. Aliilaza upande wake, akashika breki, mguu ukainuka, ukaenda nyuma, ukasimama ukingoni mwa keria. Alihisi paja likianza kutetemeka. Alimsikia binti akivuta pumzi, akajua kwamba sasa hivi atasema basi, baba, inatosha.

Akageuza uso kidogo upande wa bega, akasema kwa sauti ya kawaida, ya kila siku, "Bibie, inama kidogo."

Mguu ukapita.

Alikaa kwenye tandiko akishangaa kuliko yeyote. Alizunguka hadi lango la jirani, akarudi, akasimama, akailaza baiskeli, akasema "inama" mara nyingine, akashuka wima. Mikono ya binti ilikuwa imeshuka kutoka kifuani.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na mguu ukaanza kuielewa njia.

Mara ya tatu alichoka. Aliinua mguu, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Machozi ambayo hakuyatoa msibani, kwa sababu kulikuwa na wageni wa kuwapokea, yalikuwa yamekuja sasa, mguu mmoja ukiwa hewani. Alijaribu tena kusema. Mguu ulining'inia pale pale, ukianza kushuka.

Binti alikuwa amesimama kwenye kizingiti kile kile ambacho mama yake alikitumia kupandia. Aliitazama keria, akakitazama kimto.

"Mama, inama," alisema. "Baba anapanda."

Mguu ukapita juu, mzee akakaa, akaipiga pedali. Hakuishia kwenye lango la jirani. Alipinda kona kuelekea duka la mikate, kengele ikilia, safari hii akiipiga mwenyewe. Binti alifuta macho kwa kiganja. Kisha akakaa pale kizingitini akawangoja, maana bado walikuwa hawajashuka.