Mchunga wa Mzee Suleiman

Kila asubuhi Husna alitandika kitambaa juu ya meza ya barazani, akaweka mahamri na chai iliyokolea sukari, akamkaribisha baba mkwe wake, Mzee Suleiman, kwa sauti ya chini, kisha akaingia ndani. Mkwe hasimamiwi akila. Ndivyo alivyolelewa kwao Msambweni, na ndivyo alivyoishi hapa Kikoneni tangu Jaafar amwoe. Akirudi, alikuta sahani haina hata chembe, na moyo ukamtulia.

Leo hakuwahi hata kuketi. Alimsikia Mzee Suleiman, mtu asiyepaza sauti hata kwa mbuzi, akipiga kelele shambani.

"Chengo! Weka chini hilo bomba! Usinyunyize!"

Husna alitoka mbio. Barazani kuku walikuwa wakidonoa mahamri yake, yaliyomegwa vipande vidogo vidogo kama ya mtoto. Chai ilikuwa imemwagwa kwenye shina la mpapai. Uso ulimwaka, lakini akapita.

Mzee alikuwa amemzuia kibarua, mikono ameitanua kama golikipa.

"Mimi nimetumwa, mzee," Chengo alisema. "Mke wa Jaafar kaniambia nipige dawa ya magugu, wewe usichoke na jembe."

"Magugu gani? Huu si mchunga, mboga ya watu? Wewe umezaliwa Ulaya?"

"Nimezaliwa Taru, mzee. Kwetu huliwa na mbuzi."

"Basi mbuzi wenu wana akili kukushinda."

Chengo alicheka, akalitua bomba. "Lakini kweli, nilipompigia jirani yenu Mulwa dawa hii, mchunga wote ulikufa, na nyuki wake wakahama mzinga."

Hapo mzee akamwona Husna, mikono ikamshuka. Nyuma yake, kati ya mihogo, palikuwa na mafiga matatu na kisufuria cheusi kwa masizi. Ndani yake mchunga ulikuwa ukitokota. Kumbe hapa ndipo alipokuwa akila.

"Baba," Husna alisema, "mahamri yangu yana nini?"

"Hayana neno, mwanangu. Iliki yake inanukia hadi barabarani. Mwenye neno ni mimi. Nina sukari. Tangu kabla ya Ramadhani daktari amenikataza vitamu na vya kukaanga, akasema nizidishe mboga. Sasa ningekuambiaje? Unaamka alfajiri kunikandia unga."

Husna alikitazama kisufuria. Mboga ile alikua akiila kwao, na uchungu wake aliupenda. Ila kumwandalia mkwe majani ya kuchumwa pembeni mwa shamba alikuona aibu. Watu wangesema mke wa Jaafar hajui kukirimu. Na kumbe mchunga huo huo ndio aliotaka kuuchoma kwa dawa.

"Chengo, rudisha bomba ulikolitoa," alisema. Kisha akaingia kati ya mihogo, akachota mboga, akamwekea mzee. Hakuondoka. Aliketi palepale chini, mbele yake.

"Utanitazama nikila?" mzee aliuliza, nusu akicheka.

"Nitakutazama."

Mzee alitia tonge la kwanza kinywani. Husna aliinamisha kichwa, akavuta ncha ya mtandio, akaiachilia.

"Nimekuja nyumba hii sina baba," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika. "Wangu aliugua akanificha, nikaitwa kumzika. Wewe usinifiche, baba. Sitaki sifa za mapishi. Nataka uwepo."