Kitambaa Kilichokosa Jua

"Kama ni mfano wa dhambi ulioutaka, ungetundika shuka lako," Mpishi alisema, "maana na wewe hukuzaliwa umelowekwa kwenye sabuni."

Aliyasema hayo katikati ya uwanja, mikono kiunoni, aproni ya kazi bado imemkaa, na milango ya vyumba vyote ikaanza kufunguka mmoja mmoja kwa adabu, kama ya watu waliokuwa wanatoka tu kumwaga maji. Fundi redio wa chumba cha pembeni alitoka na mswaki mdomoni. Hakusugua hata jino moja. Aliung'ata tu, masikio yakafanya kazi.

Mama Pasi alisimama kwenye kibaraza chake na pasi ya mkaa mkononi, asijue aiweke wapi. Jina hilo alipewa na kazi yake ya kufua na kunyoosha nguo za watu, na lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata dada yake wa tumbo moja alimwita hivyo. Mkaa ulikuwa umeshakolea. Mezani kulikuwa na shati la mwalimu linasubiri kunyooshwa kola, na kando yake simu, imeegemezwa kwenye pasi kuukuu iliyovunjika mpini, tayari kurekodi neno la asubuhi ambalo lilikuwa bado halijasemwa.

"Shoga, jina lako sikulitaja," alisema.

"Na ua langu? Hukulionyesha?"

Hapo Mama Pasi akageukia mkaa wake, maana ua alilionyesha.

Mpishi alikuwa anapika kwenye shughuli za watu: harusi, mahafali, vikao vya wakubwa. Vitambaa vyake vya meza vilikuwa vyeupe vyote, na kila kimoja alikishonea kwenye kona ua dogo la buluu, ili visipotelee kumbini kati ya vya wenzake. Aliyewahi kula kwenye shughuli ya maana mtaani kwao alilijua ua lile. Vikirudi vimechafuka, vilivuka uwanja moja kwa moja hadi kwenye mabeseni ya Mama Pasi, na mpango huo ulikuwa umedumu tangu wanawake hao wawili wakiwa na viuno vyembamba.

Sasa juzi asubuhi Mama Pasi alikuwa anatafuta mfano wa kuhubiria. Jicho likatua kwenye kitambaa chenye doa la mchuzi wa bizari. Akakitundika mbele ya simu, akalipaka doa sabuni ya mche. Kila anayefua anajua kinachotokea: bizari ikikutana na sabuni, ile njano inageuka nyekundu papo hapo, nyekundu ya kutisha. Si jambo la ajabu. Unasuuza, unaanika kikiwa chepechepe, na jua likishinda juu yake wekundu unakwisha wote. Ila wasiofua hawajui. Mama Pasi akaitazama simu akasema dhambi ndivyo ilivyo, inajificha kwenye rangi nzuri ya chakula mpaka neno liiguse, ndipo inajionyesha. Akafunga kwa sala, akairusha video mtandaoni, akaendelea na masuruali yake.

Video ikakimbia kama imeibiwa. Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko waliowahi kuingia kanisani kwao tangu lijengwe. Na kwenye video yote hiyo, tangu sabuni hadi amina, doa lilibaki jekundu na ua la buluu kwenye kona likionekana bila shida.

Jua nalo likagoma. Juzi mawingu, jana mvua. Kitambaa kikalala kwenye beseni na wekundu wake. Jana usiku mama wa bibi harusi mmoja akamtumia Mpishi ujumbe kwamba wao hawawezi kuwaandikia wakwe meza yenye vitambaa vya damu, na kwamba wameshampata mpishi mwingine, asante kwa muda wako.

"Ifute," Mpishi alisema.

Mama Pasi alifungua kinywa aseme ndiyo. Alikuwa na hakika anasema ndiyo. Kilichotoka ni kingine.

"Kuna mama ameandika kwamba baada ya kuiona amempigia simu binti yake. Walikuwa hawasemeshani miaka na miaka."

Mpishi alimtazama jinsi mtu anavyotazama sufuria lililoungua: hasira imepita, kimebaki kuhesabu hasara.

"Mwambie huyo mama akanitafutie harusi nyingine," alisema, akaingia kwake na kufunga mlango.

Kishindo chake kilikuwa kidogo, lakini uwanja mzima ulikisikia. Mlango ule haukuwahi kufungwa mchana. Ndio mlango ambao watoto wa watu wote walipitia kuonja chumvi, ambao wajomba wasiojulikana ni wa nani walikutwa ndani wakimenya vitunguu. Fundi redio alitoa mswaki mdomoni.

"Leo tutakula redio," alisema, na hakuna aliyecheka.

Yote yalianzia kwenye semina. Mwinjilisti, kijana mwenye suti inayombana makwapa, aliwafundisha waumini jinsi ya kuhubiri mtandaoni bila kuchoka. Alisema Biblia imejaa kanuni za kazi hiyo. Mwaminifu kwenye kidogo atapewa kikubwa. Mpanzi apande asubuhi na jioni, hajui mbegu ipi itaota. Aliyeshika jembe asigeuke nyuma. Na mana, alisema, iliokotwa kila siku. Iliyolazwa iliota funza. Wenzake Mama Pasi walipiga makofi wakaenda kunywa chai. Mama Pasi alirudi nyumbani akayafanya.

Aliyafanya yote kama yalivyo. Kila siku kabla ya nguo ya kwanza alirusha neno, hata alipokuwa na homa, hata siku ya mazishi ya shemeji yake. Mpwa wake alimshauri arekodi video kadhaa kwa mpigo azitoe kidogokidogo. Mama Pasi akamuuliza kama anataka shangazi yake ahubiri funza. Na hakuwahi kurudi kwenye neno la jana. La jana lilikuwa limekwisha, mkono uko kwenye jembe. Kwa muda mrefu waliomtazama walikuwa dada yake, Mwinjilisti, na mtu mmoja wa mbali aliyekuwa akiuliza kila siku kama anauza pasi.

Leo kwa mara ya kwanza alisimama mbele ya simu na neno halikuja.

Akampigia Mwinjilisti. Mwinjilisti alifurahi sana. Alisema vita ni dalili kwamba kazi inazaa, asirudi nyuma hata hatua moja. Mama Pasi akamweleza habari ya harusi. Mwinjilisti akasema ni kweli pia tumeambiwa tuishi kwa amani na watu wote. Mama Pasi akauliza, sasa aifute au asiifute? Mwinjilisti akasema aombe, yeye anaingia kwenye kikao.

Akaomba. Akafungua Biblia popote pale, kama mamaye alivyokuwa akifanya, na kidole kikaangukia orodha ya watu waliozaa watu. Akaisoma mpaka mwisho, isije ikawa jibu limejificha kwa mjukuu fulani. Halikuwepo.

Fundi redio alipopita aliegemea nguzo na kutoa ushauri ambao hakuombwa. Alisema asiiguse video. Kelele ndizo zinazoleta watu, na watu wakishakuja, si utawaambia chochote unachotaka? Halafu kwa sauti ya chini akasema watu wa vyumba vya nyuma wanadai Mpishi ameshaanza kuulizia dobi mwingine. Akaondoka ameridhika, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama Pasi alinyoosha kola ya mwalimu. Akainyoosha tena, kumbe ilikuwa imenyooka tangu mwanzo. Mbegu apande. Jembe asiliachie. Yule mama na binti yake, je, si tunda? Lakini tunda gani linalomea kwenye meza ya jirani na kuivunja miguu? Kila kanuni aliyoishika ilikuwa kweli, aliiamini mpaka kwenye mifupa, na zote kwa pamoja zilimvuta huku na huku kama shuka linalokamuliwa na watu wawili. Simu ikaanza kulia. Wafuasi walikuwa wanauliza, mama leo vipi, mama neno liko wapi.

Ndipo jua likatoka.

Lilitoka ghafla, la kuchoma, na mikono yake ikajua la kufanya kabla ya kichwa. Alikitoa kitambaa kwenye beseni, akakisuuza, akasuuza tena, akakitandaza juu ya kamba bila kukikamua. Kilipoanza kukauka alikinyunyizia maji kwa viganja. Kikikauka mapema jua halifanyi kazi. Lazima kibaki chepechepe, na lazima mtu awepo. Hilo hakuna semina iliyomfundisha. Mwanzo doa lilibaki vilevile, likimtazama. Baadaye likawa la waridi. Mama Pasi akaleta kigoda, akakaa pale na bakuli la maji, nguo za watu zikisubiri.

Neno la siku hiyo alikuwa amelipanga tangu mapema, maana alifuata kitabu sura kwa sura, hakuchagua. Lilikuwa la mtu aliyepeleka sadaka yake madhabahuni, akakumbuka akiwa palepale kwamba ndugu yake ana neno naye. Anaambiwa aiache sadaka hapohapo, aende kwanza. Alikuwa ameshalihubiri mara nyingi kwenye vikundi vya akina mama. Siku zote alihubiri kuhusu ndugu. Sadaka iliyoachwa peke yake pale mbele, na waumini wanaitazama, haikuwahi kumpitia akilini.

Alisimama, akaenda mbele ya simu, akabonyeza kitufe. "Wapendwa," alisema. Nyuma yake kitambaa kilikuwa kinapepea, karibu cheupe. Angeweza kukionyesha sasa. Wangeona mwisho wake, wangeelewa. Lakini Mpishi hakuombwa ruhusa mara ya kwanza, na sasa alikuwa karibu kufanya hivyohivyo mara ya pili. Au huo nao ulikuwa woga? Hakujua. Alisimama pale mdomo wazi, simu ikirekodi mwanamke asiyesema kitu, mpaka alipoizima mwenyewe.

Jua lilipoanza kulegea, doa lilikuwa limekwisha. Alikiteremsha kitambaa, akakiweka mezani kikiwa na unyevu wake, akakipiga pasi kuanzia katikati kwenda kwenye kona, na ua la buluu akalipiga kwa upande wa ndani ili nyuzi zisilale. Akakikunja. Simu iliendelea kulia pale ilipoegemea. Aliiacha ikilia, akavuka uwanja.

Aliubisha mlango ambao hakuwahi kuubisha, asijue agonge kwa nguvu gani. Mpishi akafungua. Nyuma yake kulikuwa na sufuria kubwa jikoni, linachemka, na harufu yake ilimpiga Mama Pasi tumboni. Alikumbuka hajala tangu asubuhi.

"Kimetakata," alisema, akamnyooshea kitambaa. "Leo sijasema neno. Video sijaifuta, wala sijaamua kuiacha. Nimeshindwa kujua. Nikiifuta, yule mama na binti yake... nikionyesha kilivyotakata, ua lako linatoka tena. Nimekuja uniambie wewe, dada."

Mpishi alikipokea kitambaa, akakikunjua mlangoni, akakiinua kwenye mwanga wa mwisho na kupitisha jicho pote, polepole, kama anayetafuta kosa na angependa alipate. Akakinusa. Kisha akaingia ndani nacho, akakitandaza juu ya meza yake ndefu, akakikung'uta kwa kiganja.

"Nimepika cha kuwaonjesha wakwe wa watu," alisema bila kugeuka. "Vitu vilikuwa vimeshamenywa, ningevifanya nini? Na humu leo hakujaingia mtu."

Alichota kwenye sufuria, akajaza sahani. Upawa ulipopita juu ya meza tone likadondoka, la njano, si mbali na ua. Wote wawili waliliona. Mkono wa Mama Pasi ulinyanyuka kidogo, ukarudi.

Kule ng'ambo, kwenye kibaraza, simu ililia tena.

"Muite na huyo wa redio anayejifanya anafagia," Mpishi alisema, akivuta kiti. "Na wewe ingia, ukae. Chakula kinapoa."