Koti la Mlinzi

Kishikwambi cha chuo kilikuja na waya wa chaji, karatasi ya maelekezo na onyo kwamba atakayekivunja atakilipa. Saa mbili na nusu asubuhi, binti wa marehemu mlinzi alikiegemeza kwenye kopo la sukari juu ya meza ya kulia. Mtihani wa kwanza wa mwaka wake wa mwisho wa upimaji ardhi ulianza saa tatu, na kila mwanafunzi aliufanyia nyumbani mbele ya kamera yake. Mama alikuwa ameshazima redio na kuwaomba majirani wasigonge mlango.

Programu ya mitihani ilimtaka atazame kamera ili imtambue. Akatazama. Ikaandika: Hakuna mtu.

Akafuta kioo kwa upindo wa nguo. Akafungua pazia, akawasha taa, akaenda kunawa uso, akarudi. Hakuna mtu. Chuo kilikuwa kimeahidi kwamba mashine haina upendeleo, na kweli haikuwa nao: ilimkataa mkavu, ikamkataa na maji yakimchuruzika. Kwenye kioo, mstari mwembamba wa kutafuta uso ulizunguka kiti, ukazunguka kalenda ya mwaka juzi, ukaviacha. Zilipobaki dakika mbili ulipanda ukutani nyuma yake hadi kwenye koti la baba lililotundikwa kwenye msumari, ukatulia kwenye kola na kugeuka kijani. Karibu, ikaandika. Umetambuliwa. Maswali yakafunguka, naye akayajibu.

Lilikuwa koti la kazi, la buluu, lenye vifungo sita vya shaba. Baba alilivaa miaka ishirini na mbili kwenye lango la chuo hichohicho, akikagua vitambulisho vya watu waliokwenda kusoma, na hakuwahi kukanyaga darasa hata moja. Alitaka kitu kimoja tu, mwanawe apite pale na atoke na cheti. Alilisema jambo hilo mara nyingi mno, hata majirani walilikariri.

Kesho yake binti alikwenda kwa fundi wa kompyuta wa chuo, mtu mpole mwenye mafua.

"Kamera hainioni," akamwambia.

"Mtihani si ulifunguka?"

"Ulifunguka. Lakini iliona koti."

"Mfumo hauoni makoti, dada. Unaona watu." Fundi akapenga kamasi. "Mlango umefunguliwa, unalalamikia bawaba? Haya, jaza fomu."

Fomu ilikuwa ndani ya kishikwambi. Kabla ya kufunguka ilitaka picha ya uso.

Katika mtihani wa pili, upepo ulitikisa mkono wa koti. Onyo la kwanza: mtahiniwa anapunga mkono. Mama akaja kuushika. Onyo la pili: kuna mtu mwingine chumbani. Onyo la tatu lingefuta mtihani mzima, kwa hiyo mama akarudi jikoni kwa kunyata na kukaa huko bila kukohoa. Kumbe kamera inamwona mama, binti akawaza, na wivu ukamchoma. Hakuwahi kumwonea mama yake wivu kabla ya siku ile.

Baadaye kamera zikafungwa pia kwenye milango ya madarasa na maktaba, na bila koti hakuna mlango uliojisumbua kufunguka. Binti alitaka kuacha masomo. "Umekula ng'ombe mzima, usishindwe na mkia," mama akamwambia. "Livae."

Akalivaa. Lilimfika magotini. Kila asubuhi alilikuta lina joto, kana kwamba mtu amelivua sasa hivi, na mfukoni mna kalamu mpya iliyotafunwa mwishoni. Yeye hatafuni kalamu.

"Baba yako alikuwa na tabia hiyo," mama akasema, akaitia kalamu kwenye kikombe pamoja na zile nyingine.

Watu nao wakajifunza kwa mashine. Mwenye duka alimruka kwenye foleni mpaka alipokwenda na koti. Mhadhiri alimsahihishia kazi akiwa ameelekeza macho kwenye kifungo cha juu. Pale langoni, mlinzi aliyerithi kibanda cha baba alisimama wima.

"Shikamoo, mzee."

Siku ya kwanza binti aligeuka kutazama ni mzee gani. Siku ya pili akasema, "Mimi si mzee," na mlinzi akaendelea kusubiri kwa adabu, lango likiwa limefungwa, mpaka kipindi kikampita. Siku ya tatu akajibu, "Marahaba," akapita.

Alifaulu, tena wa kwanza darasani. Cheti kilikuwa na jina lake, namba yake na picha: kola ya buluu, kifungo cha shaba, na juu ya kola ukuta mtupu. Akakirudisha ofisini akiomba picha ibadilishwe.

Karani aliitazama picha, akalitazama koti. "Mbona umetoka vizuri kabisa?"

Binti akalia palepale kwenye kaunta. Karani, mama mwenye huruma, akatoa kitambaa na kuipangusa kola.

Nyumbani, mama alikipokea cheti kwa mikono miwili. Alikipeleka dirishani, akalisoma jina kwa sauti, akapiga vigelegele mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akakiweka mezani, mbali na birika.

"Vua koti, mwanangu, nikuone."

Binti akafungua vifungo sita, akalitundika koti kwenye msumari, akarudi kusimama mbele ya mama yake. Siku ile yote hakuwa na hamu ya kitu kingine.

Mama alingoja, akitabasamu.

"Vua basi."

"Nimeshavua, mama."

Mama akaendelea kungoja. Macho yake yalikwenda kwenye kiti, yakaenda kwenye kalenda, yakapanda ukutani, yakatulia kwenye msumari. Chai ilikuwa inapoa. Binti akalitoa koti, akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi cha kola.

"Haya, keti," mama akasema, akammiminia chai.