Tembo Niliowahamisha

Xavier, mpiganaji wa wanamgambo walioushika mji wakati huo, alikuja nyumbani na adabu zake zote, na hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Alivua viatu mlangoni. Alimsalimu mke wangu Solange, akamuuliza habari za wazazi wake, ambao ndio wenye ile nyumba ya mtaa wa Shari tulimokuwa tumejibanza, kisha akakaa kwenye kiti changu na kulaza bunduki sakafuni kama mtu anayeweka mwavuli. Ilikuwa Februari 2003. Mji mzima wa Bunia, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umechoka. Risasi zikilia mtaa wa pili, watu waliinua vichwa kidogo, wakasikiliza, wakaendelea kuchambua maharagwe.

"Chef Anselme," akasema, "commandant anakusalimia sana. Anasema weye njo unajua pori ya Epulu kupita mutu yote."

Nikamwambia mimi si chef wa kitu chochote tena. Kituo chetu cha hifadhi kimeporwa, redio zimechukuliwa, hata mabati ya choo cha walinzi yameng'olewa.

"Ndiyo. Lakini carnet uko nayo."

Solange alinitazama, na nilijua anachotaka kusema. Tulipokimbia Epulu wenzetu walibeba sufuria na magodoro. Mimi nilibeba begi la madaftari ya doria, ndizo carnet zenyewe, na njia nzima kila aliyeniuliza nilimwambia kwa kidomodomo changu kwamba humo ndani kuna kazi ya miaka kumi na miwili. Mtu mwenye akili angesema ni Biblia.

"Commandant anataka kitu moja tu," Xavier akaendelea. "Anataka kujua tembo ziko upande gani. GPS tuko nayo. Namba njo hatuna."

GPS hizo zilikuwa zetu, zimetoka kituoni, lakini sikuona faida ya kumkumbusha.

"Nitarudia kisha siku tatu. Hakuna haraka. Muke yako, bazazi yake, ba-bokilo yako, bote tunabajua hapa mu mutaa. Hakuna mutu atabagusa." Akavaa viatu vyake, akafunga kamba taratibu, akaaga kila mtu, hadi mama mkwe wangu aliyekuwa amelala chumbani na miguu yake iliyovimba.

Hapo niseme kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa mkuu wa doria katika hifadhi ya okapi. Siku kumi msituni, siku tano nyumbani. Mbele alitembea Kule, mfuatiliaji nyayo wetu, nami nyuma yake na daftari. Kule alikuwa akichutama kwenye mavi ya tembo, anayavunja kwa kidole, ananiambia ni ya leo asubuhi au ya juzi, ni dume au ni jike mwenye mtoto. Mimi naandika namba za GPS, saa na idadi. Tuliandika okapi, sokwe, tembo, mitego, kambi za wawindaji. Pale pasipo na kitu tuliandika herufi tatu tulizofundishwa na wakubwa, RAS, yaani hakuna cha kuripoti. Hifadhi tuliigawa katika bloku. Tembo wengi walikuwa bloku ya tatu, kwenye uwazi wa msitu wenye udongo wa chumvi. Thelathini na wanane, tuliwatambua kwa alama za masikio yao. Jike mkubwa aliyepasuka sikio la kushoto, Kule alimwita Directrice, yaani mwalimu mkuu wa kike, kwa sababu, alisema, kila akitokea wengine wote wanaacha kucheza.

Bloku ya saba ilikuwa RAS mwaka hadi mwaka. Ni msitu wa mbau mitupu, miti mikubwa iliyoziba jua, na chini hakuna jani la maana la kutafuna. Hakuna chumvi. Hata mito yake haina dhahabu. Tukifika mpakani mwake Kule alikuwa anakaa juu ya mzizi na kuanza kunitania.

"Chef, andika RAS tuende zetu. Huku hata shetani atakosa kazi."

Nilicheka, na bado tulikuwa tunaipita yote kwa miguu, siku mbili, kwa sababu ukiandika kitu ambacho hukukiona wewe si mlinzi, ni mtunzi wa hadithi. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia vijana wapya, kwa ukali.

Basi Xavier alipotoka, Solange alikaa kwenye kile kiti.

"Mupatie."

"Solange."

"Mupatie, minasema. Tembo haijakuulizaka siku moja kama weye ulikula. Mama yangu hawezi kukimbia tena. Miye pia nimechoka kukimbia. Mupatie carnet yake aende nayo."

Alikuwa na haki, na hilo liliniuma zaidi. Nami pia nilikuwa na haki yangu. Mle daftarini hamkuwa na karatasi tu. Nilikuwa nimewaandikia wauaji njia, kwa mkono wangu, kwa miaka kumi na miwili, kila mwezi, kwa bidii, na kwa kila mstari nilipewa sifa. Hakuna jangili ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kama tulivyoifanya sisi. 

Ndipo nikapata wazo, nikajiona mjanja kweli.

Nilikuwa na daftari jipya, la aina ileile, jalada gumu la kijani. Kwa siku tatu nilikaa mezani tangu kunapopambazuka mpaka jua linapozama nikinakili doria za mwaka mzima. Nilibadilisha kalamu kila baada ya kurasa chache, kwa maana msituni kalamu hupotea. Nilidondoshea mafuta ya mawese hapa na chai pale. Nilisugua kingo kwa udongo wa uani, nikazianika, nikazisugua tena. Nakala ile ilikuwa ya kweli kwa kila kitu, tarehe, mvua, nani aliumwa malaria, isipokuwa namba za tembo. Tembo wote thelathini na wanane niliwahamisha. Niliwatoa kwenye chumvi yao bloku ya tatu nikawapeleka mbali, bloku ya saba, mahali ambapo najua hakuna kitu. Bloku ya tatu niliiandikia RAS.

Mwishoni nilinakili hata jalada, kama lilivyo: Chef, Anselme. Mfuatiliaji, Kule. Sikutaka kukosea hata nukta.

Lile la kweli, pamoja na madaftari mengine yote ya begi, nililichoma kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ukurasa kwa ukurasa, na Solange akapikia maharagwe juu yake. Nililia, sioni aibu kusema. Halafu nikala.

Xavier alirudi siku aliyosema. Alifungua katikati, akafungua mwisho, akanusa karatasi, akapima namba mbili tatu kwenye GPS yake. "Bloc sept," akasema, yaani bloku ya saba. "Mbali sana."

"Tembo hazipendi batu," nikamjibu.

Akacheka. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda.

Kwa wiki mbili nilikuwa mtu mwenye furaha katika mji usio na furaha. Niliwaona rohoni mwangu, wanaume wazima wenye bunduki wakizunguka chini ya mbau, wanakula ugali baridi, wanalaani, hakuna hata mavi. Wakirudi na hasira nilikuwa na jibu tayari: mnyama ana miguu, mimi sikumfunga kamba. Hawakurudi. Mwezi wa Machi mji ulibadilisha mabwana tena, Xavier akatoweka na mabwana zake. Mwezi wa Mei vita viliingia mpaka ndani ya nyua. Tulimweka mama mkwe kwenye toroka-toroka ya jirani, baiskeli mbovu isiyo na breki, tukamsukuma hadi kambini karibu na uwanja wa ndege, tukaingia chini ya turubai na maelfu ya wenzetu. Humo nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Lakini kila nilipowafikiria tembo nilihisi kwamba angalau kitu kimoja nilikifanya sawasawa.

Mwezi wa Julai nilikuwa kwenye foleni ya maji na bidoni langu. Mbele yangu, watu kama kumi, alikuwepo mwanamke aliyekonda sana na mtoto mgongoni. Aligeuka. Alikuwa Brigitte, mke wa Kule. Alitoka mahali pake akaja kunikumbatia, akaniita yaya, yaani kaka, akanililia begani kama ndugu aliyezaliwa naye. Nikamuuliza Kule yuko wapi. Alisimama kwenye foleni karibu nami, akanieleza akitazama mbele.

"Vile mji ya Mambasa iliungua mu vita, Kule alisema: yaya Anselme hayuko, sasa miye njo nitafikiri. Alisema, mu barabara basoda na bunduki yabo batapita. Kwenye kuko tembo, batu ya meno batakuya. Kwenye kuko or, zahabu, batu ya or batakuya. Alisema, tuende bloc sept. Huko hakuna kitu, hakuna mutu atatufuata."

"Mulikuwa bangapi?"

"Familia sita. Na batoto. Tulijenga na majani. Muhogo tulienda kutafuta mbali, mu mashamba ya batu benye balikimbia. Miezi ine tulikaa, yaya. Hakuna mutu alituona."

Niliujua mwisho kabla hajaufikia, na sikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watu na mbele kulikuwa na watu.

"Mwisho ya mwezi wa mbili tulisikia batu banapita. Siye bote tulilala chini, kimya. Miye nilikuwa nyuma ya muti na huyu mutoto, nilimufunga kinywa na mukono. Balikaa kupumuzika karibu ya mutoni. Moja aliweka carnet juu ya gogo, karibu na siye. Kule aliiona. Aliona jina yako. Aliona jina yake mwenyewe." Alinigeukia, akataka kutabasamu. "Alifurahi, yaya. Aliniambia mu sikio, ni chef njo alibatuma, ni batu ya kwetu, banakuya kututafuta. Nilimushika koti. Alitoka. Aliinua mikono, akasema, ni miye Kule, jina yangu iko hapo."

Foleni ilisogea hatua mbili. Tukasogea.

"Balimuuliza, tembo ziko wapi? Siku tatu banazunguka, haziko. Balimupa carnet asome. Alisoma. Alifungua ukurasa ingine, alisoma tena. Halafu aliifunga. Nilimuona uso. Miye sikujua ni nini aliona mu ile carnet."

Mimi nilijua. Aliona tembo wake thelathini na wanane, na Directrice, mahali ambapo yeye na mimi tulikaa juu ya mzizi na kucheka. Kwa Kule ule ukurasa ulikuwa wazi. Neno moja lingetosha: hizi namba ni za uongo, tembo wako bloku ya tatu, nifuateni. Angeliishi, na hasira yao ingenirudia mimi.

"Aliwaambia nini?"

"Alibaambia ni kweli, tembo zilikuwa hapa, zimehama, atabaonyesha. Akabapeleka upande ingine, mbali na siye. Hakugeuka kutuangalia. Siku ya ine ndugu yake alifuata njia, akamukuta. Balimuua. Njo tulitoka huko, wengine balienda Beni, miye nikakuya huku sababu shangazi yangu iko." Alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga kitenge upya. "Nilikuwa nataka kukuuliza kitu moja, yaya. Carnet, balikunyanganya? Balikupiga sana?"

Nilikuwa nimepewa mlango. Ningesema ndiyo, angenipa pole, na angeendelea kuniita yaya mpaka tufe. Solange mwenyewe baadaye aliniambia ningesema hivyo. Lakini Kule alikuwa ameubeba uongo wangu mmoja hadi kaburini, na sikuona nani mwingine angekuja kuubeba wa pili.

"Hapana," nikasema. "Hawakunipiga. Niliandika miye mwenyewe. Tembo hazikuwa huko. Nilibadilisha namba ili tembo zisiuawe. Nilitafuta mahali hakuna kitu."

Alisogeza bidoni lake kwa mguu. Nilidhani hakusikia, kulikuwa na kelele, watu wanagombania nafasi bombani.

"Na tembo?" akauliza.

"Nasikia ziko."

"Ziko." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari za mji asioufahamu. "Na siye? Siye mu carnet yako tulikuwa wapi?"

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimeandika kila kitu kilichokunya mle msituni, na bloku ya saba, mwaka hadi mwaka, RAS.

Brigitte alichukua bidoni lake tupu akatoka kwenye foleni, akaenda kusimama kwenye bomba la upande wa pili wa kambi, ambako maji yalikuwa yanatoka kwa shida na watu walikuwa wengi zaidi. Zamu yangu ilipofika nilijaza la kwangu, maana Solange alikuwa anangoja maji ya kupikia.